Kila Taarifa na Picha Yake

Mume wangu Gervas ni mtendaji wa kijiji chetu, huku Newala. Simu yake haitulii. Wakubwa wanataka taarifa ya vyoo, ya madawati, ya mikorosho iliyopuliziwa dawa, na kila taarifa iwe na picha.

Juzi asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Akaniuliza, "Mama Dina, hivi nilikuwa natoka au narudi?"

Nilicheka, kisha nikaona hatanii. Nikampeleka zahanati.

Nesi akamuuliza anajisikiaje. Akajibu, "Hali ni shwari, zoezi linaendelea." Nesi akanitazama mimi. Akampima presha mara mbili, akaamuru alazwe pale pale.

Nikachukua simu yake, nikawaandikia wakubwa kwenye kundi lao kwamba Gervas anaumwa, amelazwa. Jibu likaja hapo hapo: "Imepokelewa. Tuma picha."

Picha ya nini, jamani? Nilitaka kuitupa simu dirishani. Lakini Gervas alishainuka kitandani, anafunga vifungo vya shati.

"Mama Dina," akaniuliza, "nitabasamu au nisitabasamu?"