Mshahara wa Kaka Yangu

Kazi ya Dar es Salaam niliipata kwa simu. Wakati huo nilikuwa mtaalamu wa maabara katika zahanati ndogo ya binafsi huko Ringwani. Mwanamke wa upande wa pili aliutaja mshahara, nikamwomba arudie. Ulikuwa zaidi ya mara mbili ya nilichokuwa napata. Akanipa siku chache nifikirie. Jumamosi nikapanda gari kwenda nyumbani Nyamwaga, kwa sababu jambo kama hilo halisemwi kwenye simu.

Baba alikuwa ameketi nje, miguuni amevaa viatu vya marehemu kaka. Nilimwamkia, nikamweleza. Akafurahi mpaka akasimama.

"Kwa huko mjini, huo unatosha?" akauliza.

 Macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye migomba, alikolala kaka.

Kaka alikuwa karani wa ghala huko Kurasini. Alipoondoka nyumbani alikuwa kijana mnene, mcheshi, wa kuimba akiwa anakamua ng'ombe. Kila mwezi alituma pesa bila kukosa. Pesa hiyo iliezeka bati nyumba yetu, na ndiyo iliyonilipia ada ya chuo. Mama alikuwa akimuuliza kila mara kama anabakiwa na chochote, naye alikuwa na jibu moja: "Inatosha, mama. Msiwe na wasiwasi." Kabla ya kufariki aliumwa kwa muda mfupi tu. Mapafu, walisema. Mjomba na mimi ndio tuliosafiri kwenda kumchukua, na kuondoa vitu vyake katika chumba alichopanga Buguruni.

Chumba kile sijawahi kutoka ndani yake. Kilikuwa safi sana. Godoro chini, mashati mawili meupe kwenye msumari, pasi ya mkaa, sahani moja, kikombe kimoja. Nilitafuta sufuria sikuiona. Nikamuuliza mama mwenye nyumba, nikidhani labda kuna mtu ameiazima.

"Hakuwa na sufuria, mwanangu," alisema. "Alikuwa ananunua chapati hapo nje asubuhi na chai. Jioni akirudi analala."

"Na mchana?"

"Mchana yuko kazini. Sijui." Akafikiri. "Alikuwa mtu wa mazoezi kaka yako. Kazini alikuwa anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, hata siku za mvua. Sisi tulikuwa tunamsifu."

Mjomba aliinama, akainua viatu vya kaka na kuvigeuza. Soli zilikuwa zimeshonewa upya kwa mpira wa tairi.  Tulipokuwa njiani kurudi na maiti ndipo aliponiambia, "Wazazi wako wasiambiwe haya. Maiti inawatosha." Nikanyamaza. Vile viatu tulivileta na vitu vingine, baba akavichukua, akavaa kanisani. Aliwaonyesha wenzake: tazameni, viatu vya mjini, soli yake haiishi.

Baada ya hapo kaka hakuniacha. Sikumwona, wala sikuota ndoto. Ilikuwa namna ya kusikia tu. Nikiwa kwenye hadubini pale Ringwani nilisikia mtu akitembea nje taratibu, mtu aliyechoka, na nilipochungulia hapakuwa na mtu. Mvua ikinyesha usiku tukiwa nyumbani, ule mlio wa bati juu ya kichwa ulinifanya nitoke nikalale jikoni, kulikoezekwa nyasi. Mama aliniuliza ninaogopa nini. Nilisema kelele.

Sasa baba alikuwa amesimama mbele yangu akingoja jibu. Nikaona siwezi kwenda mjini na siri ile. Nikamwita mama kutoka jikoni, wakaketi wote wawili, nikawaambia. Niliwaambia sahani moja. Niliwaambia kwamba hakuwa na sufuria, na kwamba alitembea. Nilipofika kwenye soli baba alitazama miguu yake. Alivivua viatu polepole, kimoja kimoja, akaviweka pembeni yake kama vitu vinavyoweza kuvunjika. Akaondoka pekupeku kuelekea kwa ng'ombe.

Mama hakulia. Alikuwa anasugua unga wa wimbi uliokuwa umekauka vidoleni.

"Nilijua," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Alipokuja likizo ile ya mwisho nilimpelekea maji ya kuoga, nikamwona mgongo. Ungeweza kuhesabu mifupa. Nikamuuliza, mwanangu, unakula? Akacheka. Akasema mshahara unatosha." Akapangusa vidole kwenye khanga. "Nami nikataka kumwamini. Bati lilikuwa limebaki upande mmoja, na wewe ulikuwa unadaiwa chuo. Nikamwamini."

Tulikaa pale. Sikujua mkono wangu niuweke wapi. Mwishowe nilimshika bega, akaniacha nimshike.

Baba alirudi jua likizama. Alisema nimpigie yule mwanamke wa kazi nimuulize mambo mawili: chumba cha karibu na kazi ni kiasi gani, na wafanyakazi wanakula wapi mchana. Nilipiga Jumatatu. Mwanamke alicheka kidogo, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mtu anayeomba kazi, lakini alijibu vizuri. Vyumba vya karibu ni ghali. Chakula kila mtu anajitegemea. Nilipowaeleza wazazi, baba alipiga hesabu kichwani, akasema, "Utaishi. Sisi ndio mshahara huo hautatutosha. Basi usitutumie."

Nikaenda.

Nimepanga chumba karibu na kazi, nina sufuria mbili na jiko la gesi. Kuna miezi inakwenda vizuri. Kuna miezi kodi ya pango na homa vinakuja pamoja, na hapo ndipo namwelewa kaka kuliko nilivyotaka kumwelewa. Kusema "sina" kwa watu wa nyumbani ni kazi nzito. Mdomo unafunguka wenyewe kusema jingine.

Mwezi uliopita mama alinipigia, akaniuliza nimekula nini. Nikasema ndizi na nyama. Akauliza nyama ya wapi, nimenunua kwa nani, nimepika saa ngapi. 

"Chai, mama," nikasema. "Nimekunywa chai."

 Nilisikia kuku, na sauti ya baba ikiuliza ni nani huyo. "Ni mtoto," mama akamjibu. Kisha akaniambia nisikate simu.  Tulikaa hivyo, kila mtu akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka salio lake likaisha.