Jumuiya Ikihama, Bunduki Zinabaki

Bwana asifiwe, wapendwa. Mu wazima? Baridi haijawaonea?

Leo nimeambiwa nichague: maombi au bunduki.

Zamu ya sala za jumuiya ilikuwa kwangu, hapa mjini Malvern. Jana nilikwenda kuwinda bata, kwa hiyo leo nilikuwa nasafisha bunduki yangu kuukuu ya pampu, ile ya kuvuta mkono wa mbao nyuma na mbele kila risasi. Ninazo nne, zote zimenizidi umri. Basi nikasahau saa.

Wakaingia akina mama saba na Biblia zao. Mimi mafuta hadi viwikoni, vyuma vimetapakaa mezani.

Mama Neema, mwenyekiti wetu, akaganda mlangoni.

"Dada Rehema! Hii ndiyo meza ya maombi?"

"Naifuta sasa hivi, mama."

"Mwanamke wa sala hakusanyi silaha. Ziuze, la sivyo jumuiya haikanyagi tena hapa."

Jamani! Hawa ndio waliosimama nami nilipomzika mume wangu.

Lakini nikamjibu, "Mama Neema, yule bata uliyemrudia mara mbili mezani kwangu Krismasi, ulidhani nilimwita akaja?"

Mtu akacheka. Mama Neema akafunga vifungo vya koti lake, akatoka, na wanne wakamfuata.

Nikafungia bunduki kabatini, nikafuta meza, tukasali watatu. Mungu alitusikia vilevile.

Siuzi hata moja. Na simfungii mtu mlango.

Jumapili ijayo mnakuja kula kwangu, hata nyinyi mlioondoka? Nijibuni leo hii, nijue nitoe bata wangapi kwenye friza.