Mbwa Aliyebaki Ng'ambo ya Mto

Kipimo changu cha kitabu cha watoto ni maharage. Nayainjika jikoni, nakaa kwenye kigoda na kitabu mkononi, na ikiwa kitakachoniinua ni harufu ya kuungua, basi kitabu hicho kimepita. Wenzangu wananicheka. Tuko watatu tunaochagua vitabu vya maktaba za shule za huku kwetu, na tunakutana Jumamosi kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Sofu: mimi, mwalimu mstaafu anayetaka kila hadithi imfunze mtoto adabu, na mwalimu wa sayansi asiyependa wanyama wanaoongea. Tunabishana mpaka chai inapoa. Mume wangu anasema hata bungeni hakuna kelele hizo.

Kuna hadithi moja ndefu ya vijana niliyoipigania kweli kweli. Mafuriko yanaitawanya familia, kijana anamvusha mto mdogo wake, wanahangaika wee, mwishoni wanamkuta mama yao na wanakaa kula pamoja. Sufuria niliyounguza nikiisoma niliishia kuitupa. Mstaafu alisema haina funzo. Nikamsomea ukurasa wa mwisho kwa sauti, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka akasalimu amri, na nakala zake zikaenda shule kadhaa za Kibaha na Kisarawe.

Sharti letu ni moja tu, kitabu kisomwe. Shule nyingi zina ugonjwa wa kutunza. Vitabu vinapokelewa, vinapigwa picha, vinafungiwa kabatini kusubiri wageni, na wageni wakija wanavikuta vipya vilevile. Tulikubaliana kwamba tukivikuta katika hali hiyo tunavichukua na kuwapa wengine. Tukasikia kwamba kwenye shule ya Marui vimetiwa kufuli, na wakati huo shule moja ya Tangini ilikuwa haichoki kutuomba. Nikatumwa mimi kwenda kuvichukua, kwa sababu, walisema, mimi ndiye mwenye mdomo.

Nilikwenda kwa bodaboda, boksi tupu limefungwa kwa kamba nyuma yangu. Njia ya kule wakati wa kiangazi ni vumbi tupu, na nilifika nimekuwa mwekundu kuanzia kope hadi vidole. Mwalimu wa maktaba alikuwa binti mdogo, wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akaliona boksi. Hakuliulizia.

Maktaba yao ni stoo iliyo ubavuni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, na ndani yake lipo kabati moja la chuma. Alipolifungua kufuli, nilichemka. Vitabu vyote vilikuwa vimejalidiwa kwa karatasi za mifuko ya saruji, vimesimama wima, kahawia mwanzo hadi mwisho, hakuna jina wala picha. Sisi tunagombana barazani juu ya picha ya jalada, halafu mtu anakuja kuivika mfuko!

"Mtoto atajuaje kipi ni kipi?" nilimuuliza.

"Wanavijua, mama."

"Mwalimu, hivi havijaguswa. Naondoka navyo, kuna watoto wanavisubiri."

Machozi yalimlengalenga, ila sauti haikutetereka. "Naomba usubiri mapumziko tu, mama. Ukishaona, uamuzi ni wako."

Nikakaa kwenye kiti, boksi liko miguuni pangu. Rimu ya gari wanayoitumia kama kengele ilipogongwa, nilitegemea kuwaona watoto wakikimbilia uwanjani. Wengine walikimbia. Lakini kundi kubwa lilikuja upande wetu, likapanga foleni kwenye ndoo ya maji yenye koki iliyokuwa nje ya mlango. Walinawa kwa sabuni, mmoja baada ya mwingine, wakapunga mikono hewani mpaka ikakauka. Kisha wakaingia, na kila mmoja akanyoosha mkono kabatini akatoa kitabu chake bila kukifunua wala kukigeuza. Waliokuwa wawili kwa kitabu kimoja walikaa barazani, mmoja akaanza kusoma kwa sauti, mwenzake akifuata kwa kidole. Kabati likabaki wazi na karibu tupu.

Mwalimu akanieleza taratibu kwamba karatasi hizo huzibadilisha kila zinapochakaa. Akavua moja kunionyesha. Jalada lililokuwa chini yake lilikuwa limelegea pembeni kama kitambaa kilichofuliwa sana. Na kufuli?

"Kabati tunalifunga kwa ajili ya panya, mama. Kabla hatujalipata walikula ukurasa mzima wa kitabu kimoja. Watoto walilia siku hiyo, tena wakubwa."

Msichana mmoja wa darasa la saba alikuwa bado amesimama, amekumbatia kitabu kifuani, anatazama boksi langu. Nikamwomba nikione. Hakunipa. Alinitazama mikono, akamtazama mwalimu wake.

"Ni sheria yao, mama," alisema mwalimu kwa aibu. "Mpaka unawe."

Nikaenda kwenye ndoo. Niliporudi akanikabidhi, nikakifungua, na kumbe ni ile hadithi yangu ya sufuria. Nikafunua hadi mwisho. Ukurasa wa mwisho haukuwepo. Mahali pake palishonwa karatasi ya daftari, imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu.

Ukurasa huo naujua kwa moyo. Nikausoma nikingoja nione walivyobuni, na hawakuwa wamebuni. Mvua imekatika, mama anapakua, mdogo anasinzia na tonge mkononi. Yalikuwa maneno yaleyale ya kitabu. Watoto hawa walikuwa wameukariri ukurasa bila kuambiwa na mtu, na siku panya walipoula, walikuwa nao.

"Nani aliandika?"

"Kalamu nilishika mimi," alisema mwalimu, "ila maneno ni yao. Mmoja akisema, mwingine anakataa, wanabishana mpaka wanakubaliana."

Basi wao nao wana baraza lao, niliwaza, na nikaendelea kusoma. Nikafika mahali nisipopajua. Kabla ya mama kufunika chungu, mbwa aliingia ameloa, akajikung'uta mlangoni, akalala miguuni pa yule mdogo. Nikakunja uso. Mwisho wa hadithi ile hakuna mbwa.

"Na huyu ametoka wapi?"

Msichana alinijibu kwa upole, kwa namna anayojibiwa mtu aliyesahau jambo la wazi. "Si walimwacha ng'ambo ya mto, mama? Mtumbwi ulijaa. Asingeweza kubaki kule peke yake."

Nikarudi nyuma kurasa nyingi. Alikuwepo. Amesimama ukingoni anabweka, mtumbwi unaondoka, na baada ya hapo mwandishi hamtaji tena. Nasi watatu, pamoja na maharage yangu na sayansi ya mwenzetu na adabu ya mstaafu, tulivuka mto na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka nyuma. Watoto wa Marui ndio waliorudi kumchukua. Nilikaa na kitabu kile mapajani na machozi yakanitoka mbele ya mtoto wa darasa la saba, na sikuyaficha.

Msichana alingoja nimalize. Kisha akaliashiria boksi kwa kidevu.

"Hilo ni la nini, mama?"

Mwalimu wake akainamisha kichwa. "La kuletea vingine," nilisema, na niliposema hivyo nilikuwa nimeshaamua. "Nimelileta nione kama litaenea kabatini."

Akalipima kwa macho, akakichukua kitabu chake mikononi mwangu, akaanza kwenda zake barazani. Mlangoni akageuka.

"Hata kama vimekatika mwisho," alisema, "wewe lete tu."