Wakili wa Haramia

Mwanangu alipangiwa kumtetea haramia, na mama yangu akamsaidia. Niliishi na hilo wiki mbili nzima katika nyumba yetu ya vyumba viwili huku ughaibuni, Fridley, mwezi wa Machi, theluji ya nje imeshageuka tope na hasira zangu hazina pa kwenda.

Darasa la binti yangu, mwenye miaka kumi na mitatu, lilikuwa linamfungulia kesi nahodha mmoja Mwingereza wa zamani, aliyepewa ruhusa na malkia wake kupora merikebu za Wahispania. Waingereza humwita shujaa: alizunguka dunia, akarudi na shehena ya fedha na dhahabu, malkia akampa cheo. Wahispania humwita mwizi wa baharini. Mimi nina neno langu pia, kwa sababu ujanani mwake, kabla ya sifa zote hizo, alisafiri kwenye merikebu zilizobeba Waafrika kwenda kuuzwa. Watoto waliokota vikaratasi ili kugawana kazi. Wangu akaokota cha wakili wa utetezi.

Nilimwandikia mwalimu, nikamuuliza kama ameangalia vizuri ni mtoto gani amempa kazi hiyo. Akanijibu kwa upole ule wa huku, upole usiokuachia hata pa kushikia ugomvi, kwamba watoto wanajifunza kutetea hata hoja wasiyoiamini, na kwamba binti yangu ameulizwa kama anataka kubadilishiwa, akakataa.

"Mbona ulikataa?" nilimuuliza.

"Mama, ni assignment tu. Nataka A."

Halafu akaingia mama. Alikuwa amekuja kutoka Mombasa kukaa nasi miezi sita, na mpaka siku hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kukunja nguo na kuilaumu mikate ya dukani. Alipoona vitabu vimetandazwa mezani akauliza huyo mtu ni nani. Nikamweleza, na kwenye habari za uporaji nikatia chumvi ya kutosha.

"Ashakufa?"

"Mama, miaka mia nne na zaidi!"

"Basi maiti hasemwi. Mwamtakia nini?"

Nilicheka, nikidhani anatania. Kwetu ndivyo tulivyolelewa: mtu akishazikwa hutajwa kwa mazuri yake, na asiye na zuri la kutaja hunyamaza. Sikujua kwamba adabu hiyo inamhusu hata haramia wa Kiingereza. Mama akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kumfundisha mjukuu wake namna ya kumsifu marehemu. Aanze na ukarimu wake. Aseme aliwakumbuka watu wake. Aseme hakurudi nyumbani mikono mitupu hata siku moja. Binti yangu akawa anaandika mbio, kwa Kiingereza. Kila jioni nikirudi kazini Golden Valley, miguu imevimba kwa kuhudumia wazee wa watu, nawakuta wawili hao wanampamba mwizi.

Nilijua kilichokuwa kinaniudhi, na hakikuwa Mwingereza.

Baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na mtaa mzima ulimpenda. Akirudi safari, watoto wote walipata peremende, wazee wa msikitini walipata manukato, nami niliwahi kupata viatu vyekundu ambavyo nililala navyo siku ya kwanza. Nilipokuwa na miaka tisa nilirudi shuleni nikakuta cherehani ya mama haipo. Mahali pake palikuwa chini ya dirisha, na kwenye simenti zilibaki alama nne za miguu yake. Kwa cherehani ile mama alikuwa akiishonea mitaa miwili nguo za Idi. Aliniambia imekwenda kutengenezwa. Haikurudi, na tangu hapo akawa anashona kwa mkono, kofia na foronya.

Baba alipofariki, miaka kumi na minne iliyopita, wakaja wanawake watatu kutoka Tanga, tukaambiwa ni dada zetu. Hilo halikunishangaza sana. Siku ya hitima, kila mtu alipokuwa anamtaja marehemu kwa wema, mkubwa wao akasema baba alikuwa mtu wa huruma, kwani alimletea mama yao cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu ubavuni, na kwa cherehani hiyo wakalelewa na kusomeshwa wote. Wanawake wakamwombea pepo. Nikamtazama mama, aliyekuwa anapitisha kahawa. "Mola amrehemu," akasema, akaendelea kupitisha kahawa.

Tangu siku ile nimemuuliza kwa kila njia, kwa upole, kwa ukali, kwenye simu huku nalia. Jibu ni lile lile, maiti hasemwi. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: aseme mara moja kwa kinywa chake kwamba alinyang'anywa. Asiposema, nabaki mimi peke yangu mwenye kinyongo na mtu aliyependwa na kila mtu, na wakati mwingine najiona kichaa.

Kesi ilisikilizwa Ijumaa mchana. Nilibadilishana zamu ili niende, na mama akaja na buibui lake na juu yake koti langu la baridi. Binti yangu alisimama wima akamwaga maneno ya bibi yake kwa Kiingereza safi: ukarimu, watu wake, mikono isiyo mitupu. Upande wa mashtaka walikuwa wasichana wawili waliosoma karatasi kwa sauti ya chini, na mmoja wao akapotewa na ukurasa. Waafrika wa kwenye zile merikebu walipata sentensi moja, nayo ilisomwa kwa kubabaika. Darasa likanyoosha mikono: shujaa. Mama, ambaye hakuelewa hata neno, akapiga makofi kuliko wote. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndani ya gari vioo vilikuwa vimeganda, ikabidi tusubiri barafu iyeyuke. Nikashindwa kujizuia.

"Hongereni," nikasema. "Mmemtoa mwizi bila doa. Mmoja kaandika, mwingine kapiga makofi."

"Mama, unadhani sijui?" binti yangu akasema kutoka kiti cha nyuma. "Nilishinda coz wale wengine hawakuongea. Nilikuwa naogopa wataniuliza, na wale aliowaibia walisema nini? Wangeniuliza hiyo moja tu, ninge-lose. Hakuna mtu aliniuliza."

Mama akageuka taratibu, mkanda wa gari ukimbana.

"Na wangekuuliza, ungejibuje, mamangu?"

"Sijui, Bibi. Sina jibu."

Mama akaurudisha uso wake mbele. Barafu ya kioo ilikuwa imeanza kuyeyuka chini kabisa, tundu dogo la kutosha kuona tuta la theluji chafu pembeni mwa maegesho.

"Nilikuwa nimekata vitambaa vya harusi ya jirani," akasema. "Nguo ya biharusi mwenyewe ilikuwa haijafika nusu. Aliichukua uzi ungali kwenye sindano."

Nilishika usukani kwa mikono miwili ingawa hatukuwa tunaenda popote. Niliogopa hata kuvuta pumzi kwa nguvu, asije akakumbuka adabu zake.

"Sikumuuliza kitu. Ningemwambia nani, na mtaa mzima wamsifu? Ilinibidi nirudishe vitambaa vya watu vimekatwa, niombe radhi. Nikasema nimeumwa na mkono."

Binti yangu akajisogeza mbele, akaweka kidevu begani kwa bibi yake. Kioo kilikuwa kimeshasafika chote, na mtu nyuma yetu alipiga honi akitaka nafasi, nami sikuondoa gari.

"Mola amrehemu," mama akasema, vile vile anavyosema siku zote. Nikajua amemaliza, nikaweka gia.

"Lakini cherehani ilikuwa yangu."