Makuti Bila Bei

Mwaka wa pili wa Uhuru nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya serikali pale Kwale, mwanamke peke yangu kati ya wanaume saba, na kila mmoja wao alidhani kazi yangu ya pili ni kuchemsha chai. Sikuichemsha hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa matangazo ya tenda: serikali inataka mawe, chokaa au boriti, mwenye navyo aandike barua yenye bei, aifunge, aitumbukize sandukuni kabla ya saa nne ya siku fulani. Niliyapiga kwa Kiingereza, yakabandikwa ukutani kwa Kiingereza, na wenye mawe na boriti wakapita mbele yake wakienda zao.

Siku moja likaja tangazo la makuti ya kuezekea nyumba za walimu upande wa Msambweni. Moyo ulinidunda. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea tangu utotoni, alikuwa akishona makuti na wanawake wenziwe kule Mwabungo. Mwenye lori mmoja aliyanunua kwao kwa bei ya kutupa, kisha akaiuzia serikali kwa bei aliyoitaka yeye. Jumamosi ile ile niliteremka Mwabungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio mbio?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mikono ikiendelea kushona. "Kwa hivyo hiyo serikali sasa ni sisi wenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi nitaiuzia mwenyewe." Akanitajia bei yake hapo hapo, nayo ilikuwa chini sana ya ile ya mwenye lori. Nikamwambia asinitajie mimi, aiandike.

Siku ya kufungua sanduku nilikaa mezani na daftari, mkubwa wa ofisi akisoma, mimi nikiandika. Barua ya mwenye lori ilikuwa mistari minne. Ya mama mkubwa ilikuwa kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu wa madrasa aliyemwandikia. Ilianza kwa salamu, ikauliza hali ya mkubwa na watu wa nyumbani kwake, ikamwombea umri mrefu, ikayasifu makuti. Mwisho ikasema: "Ama kuhusu bei, haina neno. Njooni kwanza muyaone, tutaelewana."

Wanaume wakacheka. Mimi moyo uliniuma, maana nilijua. Kwetu, kumtupia mtu bei usoni kabla hajaishika bidhaa ni utovu wa adabu. Mama mkubwa alikuwa ameiandikia serikali kwa heshima zake zote.

"Bei?" mkubwa akaniuliza.

Bei nilikuwa nayo kichwani na kalamu nilikuwa nayo mkononi. "Haikuandikwa, bwana," nikasema. Barua ikawekwa kando, tenda ikaenda kwa mwenye lori.

Mama mkubwa alikuwa akingoja nje. Aliposikia yaliyotokea alinitazama kama asiyenijua. "Nilikwambia bei kwa kinywa changu," akasema, "na kalamu unayo wewe." Akaondoka bila kuniaga.

Usiku ule nililia, na asubuhi nikaamka na hasira. Wanasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, nami sikutaka kumpa mwenye lori furaha nyingine. Nikaenda kwa mkubwa, nikamwambia matangazo yapigwe kwa Kiswahili, nami niende vijijini nikawaeleze watu.

"Hiyo si kazi ya mpiga taipu."

"Basi nitaifanya Jumapili, bwana. Jumapili ni yangu."

Akakubali, ila akanionya nisiseme yeye ndiye aliyenituma.

Nikazunguka Jumapili baada ya Jumapili: Mwabungo, Galu, hadi Bodo kwa wakata boriti. Neno langu lilikuwa moja. Serikali haiji kuangalia wala haijui kupatana. Andika bei kwanza, salamu baadaye, kisha funga. Mzee mmoja wa Bodo akaniuliza kama serikali haina adabu. Nikamjibu kwamba haina, lakini inanunua. Wakacheka, wakauliza karatasi zinapatikana wapi. Mama mkubwa hakuja hata mara moja, ingawa niliambiwa kwamba nilipozungumza Mwabungo alikuwa nyuma ya ua, anasikiliza.

Mwaka uliofuata likatoka tangazo jingine la makuti. Sanduku lilipofunguliwa, mkubwa akatoa bahasha ya kikundi cha Mwabungo. Kabla hajaichana nikasimama.

"Bwana, mwenye barua hii ni mama yangu mkubwa. Naomba nitoke."

Kanuni ya kutoka namna ile nilikuwa nimeikuta katika kitabu kinene cha ofisi ambacho hakuna aliyejisumbua kukifungua. Nikamwachia mwenzangu daftari, nikatoka.

Alikuwa ameketi kwenye ngazi. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mbona umetoka? Mara hii bei imo."

"Kwa sababu wewe ni wangu, mama. Mwenye mtu wake haketi mezani."

Akafikiri. "Na mwaka jana uliketi."

"Mwaka jana sikujua."

"Kumbe hatukujua sote wawili," akasema. Niliona aibu, na papo hapo nikahisi mzigo umenitoka.

Mlango ukafunguliwa. Mwenzangu akaita kikundi cha Mwabungo kiingie kutia dole gumba kwenye mkataba. Niliruka kwa furaha, nikamshika mama mkubwa mkono nimwongoze ndani. Akautoa mkono wangu taratibu, akajifunga leso yake vizuri.

"Wewe kaa hapo hapo," akasema, akaingia peke yake.