Samaki wa Shimo la Mawe

Nyuma ya nyumba zetu huku Lanet kuna shimo kubwa lililobaki watu walipochimba mawe ya kujengea. Mwaka ule mvua ililijaza, na maji yakakataa kukauka. Jioni mbu walitoka huko wengi hivi kwamba hakuna aliyekaa nje.

Majirani tulikubaliana kumwaga oili chafu juu ya maji ili viluwiluwi vya mbu vikose hewa. Mume wangu alikuwa tayari ameomba mtungi kwa fundi wa magari. Aliyekataa ni mama jirani, mjane wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa magharibi mwa nchi. Bata wake walishinda kwenye shimo lile, basi wengi walisema anatetea bata.

Nilienda kumbembeleza. Alinikaribisha chai, akaniambia kifungua mimba wake alikufa kwa malaria kule nyumbani, baba yake akiwa safarini na treni.

"Nataka hawa mbu wafe kuliko nyinyi wote," akasema. "Lakini ng'ombe za watu zinakunywa hapo. Wafe wao peke yao."

Tukaenda naye kwa afisa wa afya. Yeye alitushauri tuweke tilapia wachanga, maana hula viluwiluwi kabla havijaota mabawa, na kwa kuwa shimo halina mkondo, hawatatorokea mtoni. Shida ni moja tu: bata wangewamaliza.

Siku iliyofuata mama jirani alipita mlango kwa mlango, bata kwapani, akitugawia tuwafungie uani. Nilimuuliza kama hataumia kuwakosa.

"Nitawakosa," akasema, akanikabidhi jike lililokuwa likitaga.

Samaki tulipewa na mkulima mwenye kidimbwi. Mama jirani ndiye aliyewamimina, akiinamisha ndoo polepole kana kwamba anamwogesha mtu. Wiki zilizofuata alikuwa akichota maji kwa bakuli jeupe na kuyatazama. Viluwiluwi vilipungua, halafu tukawa hatuvioni.

Mbu hawakuisha kabisa. Wengine walizaliwa kwenye mapipa yetu wenyewe, tukajifunza kuyafunika. Hata hivyo, siku hizi jioni tunakaa nje. Mama jirani huleta kigoda chake kwangu, na wakati mwingine hunisimulia habari za yule mtoto: alivyochelewa kutembea, alivyocheka akimwagiwa maji. Mumewe, aliniambia, hakupenda mtoto huyo atajwe. Mimi humwacha aseme mpaka atosheke.