Nyuma ya Kiti cha Gavana

Baba alianza kusimama nyuma ya kiti changu majira ya baridi yaliyopita. Nilikuwa nimepakua wali na kuku, tule wawili kama kawaida katika fleti yetu ya Rexdale, huku ughaibuni. Hakukaa. Alijitundikia kitambaa cha vyombo mkononi, akajipanga hatua moja nyuma ya bega langu la kushoto, akatulia.

"Baba, kaa ule."

"Bado, Bwana Mkubwa."

Nilielewa. Ujanani, kabla ya uhuru, alikuwa boi wa mezani katika nyumba ya gavana Mwingereza. Tukiwa wadogo alitusimulia habari za glasi na vinara vya fedha. Hakuwahi kusema yeye alikula nini.

Mama wa Kikongo anayekuja kumhudumia mchana alijaribu utani. "Papa, ata prezida wa kwetu anaikala chini juu ya kula! Ikala, basi!" Baba alimtazama kama mtu aliyepiga kelele kanisani.

Akawa hali chakula. Suruali zikaanza kumvuka.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, na tabu yoyote huanza kuitafutia dawa maktaba. Niliazima kitabu cha maisha ya gavana yule, nikakisoma kila nikitoka zamu ya ghalani, kamusi pembeni. Nilitaka jambo moja tu: aliwaambiaje waliosimama nyuma yake kwamba sasa waende wakale?

Alizaliwa katika kasri, mwana wa pili wa lodi, mkabaila wa Kiingereza. Aliingia bungeni akiwa kijana, kwa jimbo lililokuwa la mjomba wake. Akawa naibu waziri, akaangushwa kwenye uchaguzi, akapewa sisi kama kifuta machozi. Kwetu kumepewa sura moja: hotuba, ziara, homa ya mkewe, farasi wawili na majina yao. Karamu ni nyingi humo, ila chakula kinafika mezani chenyewe. Kisha akarudi kwao, akakaa katika bunge la malodi hadi uzee, akazikwa kwenye kanisa la ukoo wake. Nilimaliza kitabu bila kulipata neno lile.

Basi nikakisia. Jumapili moja nilikula nusu, nikalaza kisu na uma sambamba juu ya sahani kama Mwingereza aliyemaliza kula, nikasema bila kugeuka, "Basi. Unaweza kwenda."

Baba aliinama, akaichukua sahani, akaenda jikoni. Nilipochungulia, alikuwa amesimama kando ya sinki akila masalio yangu kwa mkono, upesi, kama anayeogopa kukutwa. Sahani yake mwenyewe ilikuwa pale pale, imejaa, imefunikwa.

Sasa chakula chake nakipakua kwenye sahani yangu. Nyama siigusi. Uzito wake haujapanda, ila umeacha kushuka.

Mara moja, akiwa pale sinki, nilimwita, "Baba." Alitazama mlangoni kuona ni baba wa nani aliyeingia, akaiweka sahani chini, na siku ile hakula tena. Tangu hapo simwiti.